Kingereza cha inchi ya inje: tupime jiwe mbele ya kuuza kinga

Kila mwaka, kalasi zikikaribia kufunguliwa, siye wa Kamina tunaona jambo moja ku kituo cha treni. Familia nzima inafika na sanduku moja. Mama amefunga unga wa muhogo na samaki wakavu wa Upemba mu mfuko. Baba hayuko, yuko Kolwezi ku mungodi, lakini feza yake njo ilinunua tikiti. Ukiuliza, "Huyu mutoto anaenda wapi?", wanakujibu na furaha: "Anaenda ku Zambia, kusomea Kingereza. Atarudia mwalimu!"

Na si Zambia peke yake. Kuko wenye kwenda Kampala, kuko wa Dar es Salaam na wa Nairobi, kuko wachache wenye kufika Afrika Kusini. Kuko na vijana wenye kutuonyesha mu simu matangazo ya masomo ya mbali zaidi, yenye picha za majani mazuri na wanafunzi wenye kucheka.

Siye tunaoandika hapa tuko wazazi na walimu wa Kamina. Tuko na ndugu Kolwezi, Fungurume na Likasi, na wengine wako ku mashimo ya Malemba-Nkulu. Tunajua namna gani feza ile inapatikana. Juu ya ile, tunataka kusema wazi: kwenda inje kusomea Kingereza iko jambo zuri, lakini si kila safari inazaa mwalimu. Na kosa ile hailipwi na kijana peke yake. Inalipwa na baba mwenye kushuka mu shimo, na kisha inalipwa na watoto wa kalasi yenye atapewa yule kijana.

Faida hatuibishii

Hatutaki mtu aseme tunakataza watoto kuendelea. Kingereza tunakihitaji, na siye wa upande wa Katanga tunakihitaji kupita wengine. Kutoka Lubumbashi kufika Kasumbalesa iko kilometa karibu 90 tu, na ukivuka mpaka, ofisi, masomo na mahakama vyote viko mu Kingereza. Shaba na kobalti yetu inapitia kule, na malori yanaendelea mpaka bandari za Dar es Salaam ao Durban. Inchi yetu iko mu SADC tangu 1997. Mu 2022 iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Kingereza iko lugha rasmi mu kazi za ile Jumuiya, hata kama Kiswahili chetu kinaheshimiwa pale.

Ku mungodi vilevile. Mwenye mali anatoka Kanada, Uswisi ao China. Mchina na Mkongomani, Kifaransa kikikosekana, wanakutana mu Kingereza cha kuvunjika. Kitabu cha mashini kimeandikwa Kingereza. Matangazo ya kazi zile zenye mshahara mzuri mara mingi yanaomba Kingereza. Baba mwenye miaka 20 ya kazi anaona kijana wa juzi anapita mbele yake juu ya lugha. Mambo ya namna hii inauma, na inaeleweka baba akisema, "Mutoto wangu hatakosa Kingereza kama miye."

Lakini kuko jambo lenye kupita mshahara, nalo ni uzima. Tutoe mfano mmoja. Mu Kifaransa tunasema *éventuellement*, maana yake: pengine, ikitokea hivyo. Mu Kingereza kuko neno lenye kufanana nalo kama mapacha: *eventually*. Mwanafunzi wetu akiliona, anafikiri ni lilelile. Sasa tuseme mu karatasi ya usalama imeandikwa kwamba dari la shimo litaanguka *eventually*. Mwenye kusoma na macho ya Kifaransa ataelewa: "Pengine litaanguka, pengine hapana." Kumbe Kingereza kinasema: "Litaanguka, kama si leo, mwisho wake litaanguka tu." Mmoja anachukua jembe na kutoka, mwingine anabaki ndani kumaliza mfuko wake.

Mwalimu wa kweli anajua kwamba mtoto mwenye kutoka mu Kifaransa atateleza pale. Anamsubiri palepale ku utelezi. Mwenye kujua kusema Kingereza peke yake hakioni kile kitu, juu yeye mwenyewe hakukumbuka alipita namna gani. Hapo njo kuko moyo wa mambo yetu ya leo.

Nani alitufundisha mbele

Watu wanafikiri Kingereza kilifika juzi mu inchi yetu na kampani. Sivyo. Mu 1915, Waingereza wawili, William Burton na James Salter, walifika Mwanza, mu upande huu huu wenye leo tunauita Haut-Lomami, na wakaanzisha kazi ya kanisa yenye baadaye ilipanda makao hapa Kamina. Wamethodisti waliotoka Marekani walifika vilevile, na mpaka leo Kamina iko makao makubwa ya kanisa lao la kaskazini ya Katanga. Miaka zaidi ya 100 tulikaa na watu wa lugha ile, kanisa kwa kanisa.

Na walifundisha mu lugha gani? Mu Kiluba, mu Kiswahili, na baadaye mu Kifaransa. Mu miaka ya 1940, wakati serikali ya Wabelgiji ilikubali kusaidia masomo ya Waprotestanti, wamisionari wengi walipaswa kupitia Ubelgiji kwanza, kujifunza Kifaransa na masomo ya koloni, mbele ya kuja kusimama mu kalasi zetu. Tuangalie vizuri: hata wazungu wale, kama walikuwa na diploma zao, waliambiwa waende inchi ingine kujifunza lugha na desturi ya kazi, kisha njo wafundishe. Kwa hiyo kwenda inje kusomea ualimu si aibu, wala si mtindo wa vijana wa leo. Ni desturi ya zamani. Ila wao walienda wakijua wanaenda kutafuta nini.

Kisha wakati wa Zaire, tangu 1970, vijana wa Marekani wa Peace Corps walitumwa mu masomo ya secondari mu pembe mingi za inchi, na wengi wao walifundisha Kingereza. Wazee kati yetu wanakumbuka kizazi kile: ulikuwa unasikia mwanafunzi wa kijijini anasema Kingereza cha puani kama mwenye kukulia Chicago. Mu 1991, wakati wa uporaji, waliondoka wote. Tangu siku ile, mwalimu wetu wa Kingereza amefundishwa na mwalimu mwenye kufundishwa na mwalimu mwenye kumusikia Mmarekani mara moja. Iko kama kufotokopia karatasi ya fotokopi. Ya kwanza inasomeka, ya pili inafifia, ya tano unaona kivuli tu.

Tusiwacheke walimu wetu. Wanafanya kazi mu kalasi za watoto 60 na zaidi, kitabu kimoja, chaki ya kununua mwenyewe, mshahara wa kusubiri. Wengi wamemaliza ISP bila hata mara moja kuzungumza saa nzima na mtu mwenye kutumia Kingereza kila siku. Wanajua kanuni za verbe kupita Mwingereza. Lakini sauti haiko. Watoto wanafika Exetat, siku ya lugha wanajaza maswali ya Kingereza, wanapita, na jioni ukiwaambia waagize maji ya kunywa mu Kingereza, wanaangaliana.

Kwa hiyo siye wenyewe tunasema: ndiyo, mwalimu wa Kingereza wa Kamina anapaswa kutoka, asikie, arudi. Swali ni: aende nani, lini, na akatafute nini?

Vijana wawili

Tunawajua vijana wawili. Majina tunayaacha, juu wazazi wao wanasoma gazeti hili.

Wa kwanza alipata diploma ya Leta, ile tunaita D6. Baba yake, mchimbaji, aliuza kinga mbili na nusu ya kiwanja. Kijana alifika inchi ya jirani, akaandikwa mu masomo fulani yenye kuahidi "mwalimu wa Kingereza ndani ya miezi mitatu". Kule aliishi na Wakongomani wenzake sita mu chumba kimoja. Asubuhi masaa mawili ya Kingereza. Mchana na usiku Kiswahili na Lingala. Na ku soko? Ku soko aliongea Kibemba, juu Kibemba na Kiluba viko ndugu, na ulimi unapenda njia rahisi. Alirudi na Kibemba kizuri sana, Kingereza nusu nusu, na karatasi yenye muhuri wa rangi ya dhahabu.

Alipeleka karatasi ile ku masomo ya hapa. Wakamuuliza: "Hii iko diploma ao iko atestasyo?" Ilikuwa atestasyo. Hakukuwa kitu cha kupeleka Kinshasa kuomba ekivalansi, juu Kinshasa inalinganisha diploma, hailinganishi karatasi ya kusema "alikuwa pamoja nasi". Leo anafundisha ku masomo ya mtu binafsi masaa machache kwa juma, bila matrikule. Mama yake alituambia neno moja lenye kutubakia: "Batata, siye tuliuza kinga juu ya kununua motoka. Sasa tunatembea na mikuu."

Wa pili alisoma kwanza hapa hapa, ISP ya Kamina, upande wa Kingereza, akamaliza graduati. Alifundisha miaka miwili, akaona mwenyewe kwamba watoto wanaandika vizuri na hawasemi. Kisha akaenda Kitwe kwa shangazi yake, miezi sita. Hakulipa masomo makubwa. Aliomba ruhusa ku secondari moja akae nyuma ya kalasi, aangalie namna mwalimu wa kule anafanya. Jioni alisaidia watoto wa mtaa Kifaransa, nao wakamrudishia Kingereza. Shangazi alimkataza Kiswahili nyumbani mpaka bukari ikafika mezani.

Alirudi bila muhuri wa dhahabu. Lakini ingieni mu kalasi yake leo. Mtoto wa mbele na wa nyuma wanageuziana uso, wanaulizana: jina, bei, njia, ugonjwa. Ubao umejaa nusu tu, midomo njo imejaa. Diploma yake ya hapa ilikuwa imekwisha kumpa kazi. Safari ilimpa kile diploma haikuweza kumpa.

Wa kwanza alienda kama mtungi mtupu na feza mingi. Wa pili alienda akijua shida yake iko wapi, kama mtu mwenye kwenda kwa fundi na mashini yake yenye kuharibika mkononi.

Kujua lugha si kujua kufundisha

Mu vichwa vyetu tumechanganya vitu viwili. Kusomea Kingereza ni kitu kimoja. Kusomea kufundisha Kingereza ni kingine. Masomo mengi ya ku mpaka yanauza ile ya kwanza na kuandika ku mlango jina la ile ya pili.

Nani hajui hii mu kazi yetu? Kuko mtu mwenye kuchimba miaka kumi, ana mkono mzuri, anasikia mshipa wa jiwe na sauti ya nyundo. Lakini mpe vijana kumi awafundishe: atawapigia kelele, atawaambia "angalieni tu", na mmoja atavunjika mguu. Si mbaya, ila hakufundishwa kufundisha.

Walimu wa Kingereza ulimwenguni wanajua tofauti hii. Waingereza wana cheti kimoja cha Cambridge kinachoitwa CELTA. Ni masaa 120, na kati yake mwanafunzi-mwalimu anapaswa kufundisha masaa 6 mbele ya wanafunzi wa kweli, huku mwalimu wake amekaa nyuma na kalamu. Na yule mwenye kuingia mule anatakiwa awe amekwisha kujua Kingereza sana. Maana yake: hata kwa mtu mwenye kusema Kingereza tangu maziwa ya mama, wanasema haitoshi. Ku Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, ku Makerere ya Kampala, ku Dar es Salaam, mwalimu wa secondari anasoma miaka, si miezi, na anapelekwa kufanya staji mu kalasi mbele ya kupata diploma. Kama mtu anakuambia miezi mitatu inatosha kwa yote mawili, lugha na ufundi wa kufundisha, muulize yeye mwenyewe alisoma miezi ngapi.

Tuko na mfano karibu, hata kama mambo kati yetu na ile inchi leo iko mabaya. Mu 2008, Rwanda ilikata shauri masomo yaache Kifaransa na kufundisha mu Kingereza. Sheria iliandikwa upesi. Walimu hawakubadilika upesi vile: wengi walisomea mu Kifaransa, na asubuhi waliambiwa wafundishe hesabu na historia mu lugha wenyewe walikuwa wanaanza kujifunza. Ikabidi kutafuta walimu wa kufundisha walimu, wengine kutoka Uganda na Kenya. Miaka mitatu nyuma, Kinyarwanda kikarudishwa mu kalasi za chini za primeri. Mu 2019 wakageuza tena. Kati ya ile miaka, kuko watoto waliopita mu kalasi na mwalimu mwenye kubahatisha. Ule mwaka wa mtoto haurudi. Tukitaka Kingereza kwa watoto wetu, tuanze na mwalimu, si na kibao cha ku mlango.

Njia tunayoona siye

Ya kwanza: kijana asome hapa mbele. Kamina tuko na ISP, tuko na chuo kikuu. Watu wanadharau, wanasema, "Ya hapa haina nguvu." Lakini kwa kufundisha secondari Leta inaomba diploma ya ualimu, na karatasi ile ya hapa haiombi ekivalansi. Minervali ya hapa mtoto analipa huku analala kwa mama yake na kula sombe ya mama yake. Ku inje unalipa masomo, nyumba, chakula, njia, na karatasi za kukaa, kila siku mu dola ao mu kwacha. Mtoto akigonjwa, unalipa tena.

Ya pili: aende akiwa mwalimu tayari, kwa muda mfupi, na kwa shabaha. Kalenda yenyewe inatusaidia. Siye tunafunga mu mwezi wa saba na wa nane. Zambia, masomo yao ya kipindi cha pili yanaendelea mpaka mwanzo wa mwezi wa nane. Kwa hiyo mwalimu wetu wa Kamina anaweza kukaa mwezi mzima nyuma ya kalasi ya Ndola ao ya Kitwe bila kuacha watoto wake hata siku moja. Huko aangalie, aandike, aombe kufundisha somo moja, aonywe.

Ya tatu, kwa wale wenye nguvu ya kufika mbali: waende ku masomo yenye jina na mlango wazi. Wamethodisti wa Kamina wanajua Africa University, ya Mutare mu Zimbabwe, iliyofunguliwa mu 1992. Kule kila kitu kinafundishwa mu Kingereza, na mwenye kutoka inchi za Kifaransa ao Kireno anapewa kwanza mafundisho ya nguvu ya Kingereza. Wakongomani wengi walipita pale. Hiyo ni njia ndefu, lakini mwisho wake kuko diploma yenye kuweza kupelekwa Kinshasa kwa ekivalansi.

Na nani alipe?

Mpaka leo anayelipa ni baba peke yake. Siye tunasema si haki. Mwalimu mmoja wa Kingereza akirudi vizuri, hafaidishi nyumba yake tu. Anafaidisha watoto mamia, na baada ya miaka kumi anafaidisha kampani yenyewe, yenye kulalamika kila siku kwamba watu wa hapa hawajui Kingereza.

Kode ya migodi ya 2018 iko wazi. Redevansi ya mungodi inagawanywa: 50 kwa mia ku serikali ya Kinshasa, 25 kwa mia ku jimbo, 15 kwa mia ku manispaa ao sekta yenye mungodi, na 10 kwa mia ku mfuko wa vizazi vya kesho. Tena kampani yenye kuchimba inapaswa kuweka 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa kandokando, na kutia sahihi mu kaye de sharje pamoja nao.

Tuseme ukweli: Kamina mjini hatuna mungodi mkubwa, na ile feza inabaki pale jiwe linatoka. Lakini ninyi wababa na wamama wa Kolwezi, wa Fungurume, mko pale. Watoto wenu wanasoma pale. Mkiitwa mu mkutano wa kaye de sharje, watu wanaomba kalasi za matofali, na ni vizuri. Ombeni vilevile mtu wa kuingia mu ile kalasi. Walimu wawili watatu wa Kingereza kila mwaka, mwezi mmoja Kitwe, haifiki hata bei ya paa la bati. Na siye wa Haut-Lomami, tuwaombe wadepite wetu na gavana jambo lilelile kwa terituari zetu tano: Bukama, Kabongo, Kamina, Kaniama na Malemba-Nkulu. Makanisa nayo, yenye ndugu ku Zambia na Zimbabwe, yaandike barua tu: "Tunawatumia mwalimu wetu, mpeni kitanda."

Kuko jibu tunalisikia kila tukisema hivi: "Mwalimu akijua Kingereza sana, kampani itamwiba. Atakuwa mtafsiri, hatarudia mu chaki." Ni kweli, na hatuwezi kumlaumu. Kati yetu siye walimu, nani atakataa mshahara wenye kufika kila mwezi? Kwa hiyo mwenye kutumwa na feza ya watu wote atie sahihi: miaka mitano ya kufundisha, na kila mwaka kufundisha wenzake wa masomo mengine mu likizo. Na wenye kumtuma nao watie sahihi: primu yake itafika. Mapatano ya mkono mmoja si mapatano. Baada ya miaka mitano, akienda kampani, aende na baraka. Atakuwa ameacha kumi nyuma yake wenye kujua kazi.

Mbele ya kuuza kinga

Mchimbaji hauzi jiwe bila kulipima. Unafika Musompo, wanapiga Metorex, na kama hesabu haikupendezi, unaenda depo lingine wapime tena. Mbona masomo ya mtoto tunayanunua bila kupima? Kabla ya kutoa hata dola moja, ulizeni maswali haya, na mtu asipowajibu, fungeni mfuko:

Mwishoni atapewa diploma ao atestasyo? Ile diploma serikali ya inchi ile inaitambua? Nani kati ya watu wa Kamina aliipata, na leo anafanya kazi gani? Mutoto atafundisha mbele ya wanafunzi wa kweli wakati wa masomo, mara ngapi? Atalala na nani, na mu nyumba ile wanaongea lugha gani? Na swali la mwisho, tena la kumuuliza mutoto mwenyewe, baba na mama wakiwa wamekaa: "Weye unapenda kufundisha, ao unapenda kutoka Kamina tu?"

Akijibu kwamba anapenda kutoka tu, si zambi. Mpelekeni kutafuta kazi ingine, na mapema, feza ikiwa bado iko. Lakini msimfanye mwalimu kwa nguvu. Watoto wetu wamekwisha kuwa na walimu wenye kuwa mu kalasi juu walikosa pengine pa kwenda.

Akijibu kwamba anapenda kufundisha, basi mumpeleke kwanza hapa, ISP, miaka yake. Ninyi endeleeni kuweka kidogo kidogo. Siku atamaliza, na amekwisha kupiga chaki mwaka ao miwili, tutamsindikiza wote ku kituo cha treni. Siye wenyewe tutabeba sanduku.